Shamba la bwasa na mvua isiyotabirika

Mama zangu, baba zangu, nanyi vijana, asanteni kwa kuja.

Tukitaja mabadiliko ya tabianchi hapa Bukavu, wengi huanza na mvua. Ni haki. Wazee wetu walijua kwamba Septemba maharagi yanaingia udongoni, na Februari kazi inarudiwa. Siku hizi mvua ya Septemba inaweza kukuita shambani, kisha ikakatika mpaka miche ikauke. Mwenye akiba atapanda tena. Asiye nayo ataenda soko la Kadutu kununua maharagi ya kula, akiomba Mungu yaote. Kwa hiyo, mama, usimalize mbegu zote siku moja.

Lakini hasa nimekuja kwa ajili ya udongo. Mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilipiga Kalehe, maji na matope yakafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Sitaki mtu awatupie wakulima lawama za msiba ule. Ila milimani Kabare na Walungu, udongo unatuponyoka kila msimu, nao ndio unaotulisha.

Dawa inajulikana. Chimba mfereji unaokata mlima kwa upana, ili maji yasimame na kuzama badala ya kuteremka mbio. Ukingoni panda matete: mizizi inashika udongo, majani yanalisha mbuzi na dende (simbilisi), na samadi inarudi shambani. Mti wa kaliandra nao unarutubisha ardhi na kutoa fito za maharagi yanayopanda juu, ambayo kwenye kipande kidogo huzaa kuliko yale mafupi.

Sasa, nani atachimba? Hapa Bushi, nchi ya Washi, mwenye kalinzi, yaani ardhi ya kimila ya kudumu, analima na kurithisha watoto wake. Mwenye bwasa amekodi kwa muda mfupi, pengine msimu mmoja tu, na hakubaliwi kupanda mti wala mgomba, maana anayepanda mti huhesabiwa kama anadai ardhi. Mama anayelima bwasa anaujua mteremko wake kuliko mimi. Lakini akichimba, shamba likinona, mwenye ardhi aweza kulichukua au kupandisha bei. Basi anapanda kitu cha kuvunwa upesi, na mvua inabeba udongo. Tunamwita kwenye mafunzo kila mara kana kwamba amekosa akili, wakati alichokosa ni miaka. Jambo hili linaniuma sana.

Ninyi wenye mashamba mliomo humu, nawaomba: andikeni mkataba wa miaka 5 mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi. Bei isiguswe hadi uishe. Mti ubaki wa mwenye ardhi. Fito, majani na mavuno viwe vya mkulima. Na jina la mama anayelima liandikwe pale, lisiwe la mumewe peke yake. Tukikaa kupatana Juni au Julai, wakati wa kiangazi, mifereji itakuwa tayari kabla mvua haijarudi.