Hitilafu ya -O2 Haitafutwi kwa -O0

Jamani, najua wengine wenu mmeshanisikia nikilalama juu ya jambo hili, na leo mtanisikia tena. Mnampa mteja programu ya C iliyojengwa kwa -O2, yaani kompaila imeiboresha ili iende kasi. Ikianguka, mnakimbilia kuijenga upya kwa -O0, bila uboreshaji wowote, hitilafu inatoweka, kisha mnaandika kwenye ripoti “haijirudii”. Huko ni kungojea matatu ya Rongai huku umesimama Thika Road.

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Programu ina nyuzi mbili (threads), yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. Uzi mmoja unasubiri:

while (!tayari);

Uzi mwingine ukimaliza kazi unaandika tayari = 1, na tayari ni int ya kawaida. Kwa -O0, kigeu hicho kinasomwa upya kutoka kwenye kumbukumbu kila mzunguko, kwa hiyo kitanzi kinaisha. Kwa -O2, kompaila inachungulia ndani ya kitanzi, haioni yeyote anayekigusa, inakisoma mara moja na kukiweka kwenye rejista, ile hifadhi ndogo ndani ya prosesa. Basi. Kitanzi hakiishi, na kiini kimoja cha prosesa kinaungua bure.

Msiilaumu kompaila. Tangu C11, kiwango cha lugha ya C cha 2011, nyuzi mbili kugusa kigeu kimoja, mmoja ukiandika, bila kufuli wala atomiki, ni kosa lenu. Tumieni atomic_int, aina ya kigeu cha atomiki kilicho salama kwa nyuzi nyingi, kutoka stdatomic.h. Naona kuna anayetaka kunitajia volatile, neno la C linaloizuia kompaila kuruka usomaji wa kigeu. Ni kweli, italazimisha kigeu kisomwe upya. Lakini haiahidi lolote kuhusu data nyingine iliyoandikwa kabla yake: uzi wa pili unaweza kuona tayari ni 1 ilhali bafa, tuseme ya data ya malipo, bado ina takataka za zamani. Prosesa za ARM zinaruhusu hilo waziwazi, na simu mlizoweka mezani hapo karibu zote ni ARM. Volatile iachieni rejista za vifaa, na sig_atomic_t mnaposhughulikia ishara (signals) za mfumo.

Sasa niambieni, kwa -O0 mngeyaona wapi hayo?

“Lakini mwalimu, GDB, kile kitatuzi cha hitilafu, inaniambia kigeu kimekuwa optimized out.” Sawa. Maana yake ni kwamba thamani haipatikani pale uliposimama, si kwamba haikuwahi kuwepo. Andika up, panda fremu moja, yaani rudi kwenye funksheni iliyoita hii. Mara nyingi hiyo bado inayo thamani. Au simamisha programu mwanzoni mwa funksheni, kabla rejista haijatumiwa kwa kazi nyingine. Mistari ikirukaruka unapobonyeza next, tumia disassemble /s uone maelekezo ya mashine pamoja na msimbo wako, halafu stepi upite agizo moja moja. Ukikwama kabisa, zima uboreshaji kwenye funksheni moja tu: __attribute__((optnone)) kwa kompaila ya Clang, __attribute__((optimize("O0"))) kwa GCC. Hitilafu ikitoweka hapo, umejua pa kuchimba.

Wala -g haigombani na -O2. Inaongeza kando taarifa za kutatua hitilafu, kama majina ya vigeu na namba za mistari. Faili linanenepa, maelekezo ya mashine yanabaki yale yale. Jengeni mara moja kwa -O2 -g, toeni taarifa hizo kwa objcopy --only-keep-debug, zihifadhini, kisha pitisheni strip kwenye faili la mteja ili kuziondoa humo. Ikianguka Kisumu, mnaletewa faili la core, yaani picha ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka, na kulifungua hapa Nairobi. Na -Og, uboreshaji mdogo usiovuruga utatuzi? Nzuri kwa kazi ya kila siku mezani, ila mteja hatumii -Og.

Naona saa inanikimbiza. Kuhusu kupima mistari iliyopitiwa na majaribio: waraka wa GCC wenyewe unaonya msichanganye gcov, zana yake ya kupima hilo, na uboreshaji, kwa sababu if na else zinaweza kugeuka agizo moja na hesabu ikapotea. Clang ina njia nyingine: -fprofile-instr-generate -fcoverage-mapping. Vihesabio vinapandwa kabla uboreshaji haujaanza, kwa hiyo -O2 haiviharibu. Endesha majaribio, kisha llvm-profdata merge, kisha llvm-cov show. Penye nyuzi nyingi ongeza -fprofile-update=atomic, la sivyo hesabu zitapungua. Na programu ikiuawa kwa kill -9, faili la hesabu haliandikwi; msije kuniuliza mbona asilimia ni sifuri.

La mwisho kwa wanaojenga programu kwa CMake: aina ya ujenzi RelWithDebInfo inawapa -O2 -g, lakini pia -DNDEBUG, kwa hiyo kila assert, yaani ukaguzi wa sharti, inafutwa pamoja na kilichomo ndani yake. Aliyeandika assert(soma_pakiti(&p) == 0) hasomi pakiti tena.