Baridi Iliyorekodiwa Julai

Nianze na tarehe, kwa sababu tarehe hazibishani na mtu. Leo tunazungumzia sauti ya black metal ya Norwei, ule muziki mzito wa kasi na mkwaruzo ambao watu husema unasikika wa baridi. Bendi ya Emperor walirekodi albamu yao *In the Nightside Eclipse* mjini Bergen, Norwei, mwezi Julai 1993. Wenzao Darkthrone walirekodi *A Blaze in the Northern Sky* Agosti 1991 kule Kolbotn, nje kidogo ya Oslo. Julai na Agosti! Huo ni msimu ambao Bergen jua linazama karibu saa tano usiku na watu wanatembea na kaptula. Halafu kila nikizungumzia jambo hili ananyanyuka mtu na kusema: lakini mwalimu, sauti ile ni ya baridi kwa sababu Norwei ni nchi ya baridi. Basi rumba la Kinshasa lingetoka na jasho kwenye spika.

Habari za makanisa yaliyochomwa na za mauaji yaliyofanywa na baadhi ya wanamuziki hawa mnazijua, zimesimuliwa hadi zimechuja. Sisi hapa ni mafundi mitambo. Leo ni sauti tu.

Na kabla hujaniuliza, ndugu yangu wa mstari wa mbele, maana naona mkono umeshaanza kupanda: hapana, bendi ya Ulver hawakurekodi albamu yao *Nattens madrigal* msituni. Uvumi huo umezunguka tangu 1997, kwamba fedha za kampuni ya rekodi zilikwenda kwenye suti na gari la kifahari, na muziki ukanaswa porini. Wenyewe wamekanusha. Lakini hata wasingekanusha, fundi alipaswa kuujua uongo huu kwa masikio yake. Msituni hakuna kuta wala dari. Sauti ikitoka hairudi. Kukiwa na theluji mpya ndiyo kabisa, kwa sababu theluji laini imejaa matundu ya hewa na inameza sauti kama godoro. Ukirekodi ngoma kwenye theluji utapata ngoma kavu, fupi, kama mtu anagonga katoni. Majalada mengi ya muziki huu yana msitu au theluji. Sauti iliyo ndani, kwa albamu nyingi zilizovuma, ni ya jengo kubwa lililojengwa kwa zege. Vitu hivyo viwili havijawahi kukutana ila kwenye karatasi ya jalada.

Jengo lenyewe linaitwa Grieghallen. Ni ukumbi wa muziki wa Bergen, ulifunguliwa 1978, unaingiza watu wapatao 1,500, na ndiyo nyumbani kwa okestra ya mji. Ndani yake palikuwa na studio, na fundi mitambo wake aliitwa Eirik Hundvin, wote wakimwita Pytten. Bendi za Burzum, Mayhem, Emperor, Immortal na Enslaved zote zilipita mikononi mwake. Yaani hii sauti mnayoiita ya kienyeji, ya vijana wasio na chochote, kwa sehemu kubwa imenaswa na fundi mmoja mzoefu kwenye jengo la okestra. Kwa *De Mysteriis Dom Sathanas* ya Mayhem, ngoma za mpigaji wao, Hellhammer, zilipelekwa ukumbini kwenyewe ili ukumbi nao upige.

Tulieni hapo kidogo tufanye hesabu. Wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, gitaa linachapwa mara nne kwa kila pigo. Hiyo ni michapo 12 kwa sekunde, mmoja kila milisekunde 83. Mpiga ngoma naye anaigonga ngoma ndogo mara 6 kwa sekunde. Ukiwa na ukumbi ambao mwangwi wake unachukua sekunde 2 kufa, wakati wowote ule kuna mikia ya mapigo 12 inayoelea hewani pamoja. Sikio haliwezi tena kuyahesabu. Linaacha kusikia mapigo, linaanza kusikia hali ya hewa. Ndiyo maana muziki wenye kasi ile unasikika kana kwamba umesimama mahali pamoja. Kasi ikishapita kiwango fulani ndani ya chumba kikubwa, inageuka kuwa utulivu. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa walilolifanya Wanorwei wale, na wala halihitaji shetani yeyote kulieleza.

Kinachoharibika ni nini? Ngoma ya mguu. Ukiisikiliza kupitia maiki za mbali inageuka uji. Kwa hiyo maiki moja ndani ya ngoma ya mguu, kavu kabisa, na maiki mbili za ukumbi mita 8 hadi 10 kutoka jukwaani, zikatwe kila kilicho chini ya hezi 200 au 300 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Kwa mita 10 sauti inachelewa milisekunde 29 hivi. Msiivute kwenye kompyuta mkaipanga sawasawa na ile ya karibu! Naona mafundi wa siku hizi wanafanya hivyo, wanalinganisha mistari kwenye kioo ili ipendeze machoni. Ule uchelewaji ndio unaomwambia msikilizaji ukuta uko mbali. Ukiufuta umebomoa ukumbi.

Sasa tuje kwenye gitaa, na hapa naomba msilale, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponunua vifaa visivyohitajika. Swali ninaloulizwa kila mara: mbona gitaa lao ni jembamba, kama nyuki kwenye kopo? Na jibu linalotolewa mitaani: hawakuwa na fedha. Sikilizeni. Darkthrone albamu yao ya kwanza, ya 1991, waliirekodi Sunlight, Stockholm, kwa Tomas Skogsberg, studio ambayo bendi nyingi za Sweden za death metal, muziki mzito wa sauti nene, zilikuwa zinapanga foleni kuingia. Sauti nene waliijua na waliipata. Wakaiacha. Mtu aliyeshiba akiamua kufunga, huwezi kusema amekosa chakula.

Sababu ya wembamba iko kwenye kodi. Kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za mapato. Chukua gitaa lenye mkwaruzo, piga ile kodi ya roki ya noti mbili, A na E, hezi 110 na 165. Amplifaya ikizidiwa haikuzi tu, inazaa noti zake yenyewe, na mojawapo ni tofauti ya zile mbili. 165 toa 110 ni 55. Na 55 ni A, ileile, oktavu moja chini. Amplifaya imekuongezea besi bure na imepatana na wimbo. Ndiyo maana muziki mzito mwingi umejengwa juu ya kodi hiyo, mnene, salama.

Sasa wapiga gitaa Snorre Ruch wa bendi ya Thorns na Euronymous wa Mayhem, ambao ndio wanaotajwa kuwa chanzo cha upigaji huu, hawakutaka kodi ya noti mbili. Walitaka kodi kamili ya huzuni, noti tatu na zaidi, zichapwe uzi mmojammoja bila kupumzika. Tuchukue E ndogo: E hezi 330, G hezi 392, B hezi 494. Fanyeni hesabu ya tofauti. E na G: 62. G na B: 102. E na B: 164. Hiyo 164 ni E ya chini, karibu kabisa, imepatana. Lakini 62 ni B iliyopanda kidogo, haijakaa. Na 102? G ya pale ni 98, G kali ni 104. Hii 102 iko katikati, ni noti ambayo haina hata pingili yake kwenye shingo ya gitaa. Hakuna aliyeipiga, na inanguruma chini ya kodi yako muda wote kama jenereta la jirani. Ongeza besi na mkwaruzo mwingi kama wanavyofanya Waswidi, na kodi ya huzuni inageuka tope. Husikii huzuni wala kodi.

Dawa yake? Kata besi. Weka kichujio kwenye hezi 150: ile 62 na 102 zinashuka, ile 164 inabaki. Kichujio si kisu, ni mteremko, kwa hiyo anza 120 upande polepole mpaka kodi ifunguke. Na sikio lina tabia nzuri: hata msingi wa noti za chini ukipunguzwa, linaukisia kutokana na sauti za juu zake. Kwa hiyo ule wembamba ni bei waliyolipa ili kodi zisikike. Anayeuita uzembe hajawahi kupiga kodi ya noti tatu kwenye pedali ya fazi, kile kifaa cha mguuni cha kuleta mkwaruzo.

Kwa vitendo, haraka: gitaa lisishushwe, liache kwenye E ya kawaida. Mkwaruzo nusu, usifike mwisho. Watu wanaufungulia wote, kisha wanalalamika kodi zimekufa. Kigongeo kigumu, milimita 1 hivi, mkono utembee kwenye kifundo si kwenye kiwiko, la sivyo dakika ya tatu umechoka na kasi imeshuka. Rekodi mara mbili, moja kushoto moja kulia. Usinakili ile ya kwanza ukaisogeza. Tofauti ndogo za mkono ndizo zinazoleta ukungu. Amplifaya kubwa si lazima. Kwenye *Filosofem* ya Burzum, iliyorekodiwa Machi 1993, Varg Vikernes, ambaye ndiye Burzum peke yake, alipitisha gitaa kwenye pedali za fazi na stereo ya nyumbani ya kaka yake, na kwa ajili ya kuimba akaomba maiki mbovu kuliko zote, akapewa ile ya kuvaa kichwani. Angalieni matokeo: sauti ya mtu imebanwa mlemle lilimo gitaa, ikageuka kuwa gitaa la tatu.

Sasa kanda, maana najua nusu yenu mmekuja kwa ajili ya kanda. *Transilvanian Hunger* ya Darkthrone, 1994: Fenriz peke yake na vyombo vyote, kinasa sauti cha njia nne, kisha mwenzake Nocturno Culto akaimba juu yake. Mashine za aina hii, Portastudio, ziliingia sokoni 1979. Kaseti ni ileile ya dukani, ila njia zote nne zinakwenda upande mmoja, kwa hiyo hugeuzi kanda. Nyingi zinazunguka sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya kawaida. Kaseti ya dakika 60 inakupa dakika 15 tu. Ukiiweka kwenye redio kaseti ya nyumbani utasikia njia mbili zikikokota oktavu moja chini, ukigeuza nyingine mbili zinakwenda kinyumenyume. Wengine husema hapo ndipo shetani alipo. Hapana, ni gia tu.

Kosa kubwa la njia nne ni kuhamisha. Umejaza njia tatu, unazichanganya kuzipeleka ya nne ili upate nafasi. Mvumo wa njia tatu ukijumlishwa unapanda karibu desibeli 5, na ung'avu wa matoazi unapungua kila unapohama. Ukihama mara moja ni ukungu, mara mbili ni blanketi. Kwa hiyo panga mapema: ngoma njia moja, magitaa mbili, na sauti pamoja na besi zigombanie iliyobaki. Safisha vichwa kwa spiriti kabla ya kila siku ya kazi. Tumia kaseti za kromu. Kaseti iliyochakaa haikupi anga, inakupa matundu.

Dada pale nyuma anauliza, mbona basi kaseti zetu za zilipendwa zenye mvumo na mikwaruzo hazisikiki kama Norwei? Swali zuri kuliko niliyotegemea. Kwa sababu mvumo ule umekuja baadaye, kwa kunakiliwa na kunakiliwa. Chini yake bendi ina besi inayotembea na nafasi kati ya noti. Kwa Wanorwei nafasi zimejazwa kabla kanda haijawashwa. Programu mnazonunua za kuongeza mvumo zinaongeza jambo la mwisho kabisa, na kwa muziki usio na kodi wala chumba zinaongeza mvumo tu.

Nimeonyeshwa kadi ya dakika tano. Besi, basi, kwa kifupi: ipo, ila haina kazi kubwa, imefuata gitaa. Kwenye ile ya Mayhem besi ilipigwa na Vikernes, ambaye Agosti 1993 alimuua Euronymous. Familia ya Euronymous iliomba besi hiyo ifutwe, Hellhammer akaahidi kuirekodi upya, naye hajui kupiga besi, ikabaki. Vinanda vya Emperor: kwaya ya sintesaiza, noti ndefu, zikatwe chini ili zikae juu ya gitaa, zisizame ndani yake. Kupandisha sauti ya mwisho: usibane sana, ukibana mikia ya mwangwi inapanda na mapigo yanapotea yote. Mengine niliyoyaandika kuhusu sauti ya koo yatasubiri.

Ukumbi huu una dari ya bati na feni sita, kwa hiyo mtu azime feni. Maiki mbili ziende mlangoni, moja kwenye ngoma ya mguu, na mwenye gitaa atupigie E, G na B, kwanza bila kichujio.