Tengeneza Kinanda cha Mabomba Kinachopigwa kwa Ndala

Haya, karibuni. Leo tunaunda kinanda cha kuweka uwanjani, kwenye maonyesho ya shule au nje ya duka, kila apitaye akipige. Ndugu wawili Wafaransa, Bernard na François Baschet, walianza miaka ya 1950 kuunda sanamu za kutoa sauti, za kushikwa na kuchezewa. Sisi tutatumia vitu vya hadiwea na ndala kuukuu.

Nunua bomba moja la plastiki la inchi 2, lile refu la mita 6. Usinunue vipande, utalipa zaidi bure. Utahitaji pia msumeno wa chuma, msasa, tepu, mbao za fremu na tyubu mbovu ya baiskeli.

Pima vipande sita: sm 130, 116, 103, 86, 76 na 64. Jumla ni sm 575, kwa hiyo bomba moja linatosha. Usikate pale pale kwenye alama. Acha sentimita moja ya ziada, maana bomba likizidi urefu utalipunguza, likipungua ndiyo basi tena. Zungusha karatasi kwenye bomba, piga mstari wa penseli ukifuata ukingo wake, mkato utanyooka. Kisha piga msasa midomo yote miwili mpaka ukipitisha kidole usihisi ukali. Watoto wataingiza mikono humo, hilo lisikupe shaka.

Vipande hivyo vinatoa noti, yaani sauti za muziki: do, re, mi, so, la na do ya juu. Fa na ti tumeziruka makusudi, kwa sababu hizo ndizo zinazogombana na jirani zake. Zikiwa hazipo, hata mtu asiyejua muziki akipiga ovyo, anachopiga kinasikika kama wimbo.

Sasa fremu. Mbao ya mbele ikae sm 75 kutoka chini, ya nyuma sm 55, na baina yake uache kama sm 35. Laza mabomba juu yake kwa mteremko, midomo ya mbele ikiwa sambamba. Hapo mtoto wa darasa la kwanza anafikia bila kunyanyua bega. Angalia bomba refu kule nyuma: mdomo wake wa chini uwe juu ya ardhi walau upana wa kiganja. Ukigusa udongo, sauti inakufa. Kata tyubu vipande virefu, vuta kwa nguvu na ufunge kila bomba kwenye mbao zote mbili. Misumari hapana, itapasua plastiki.

Tuje kwenye ndala. Chagua zile laini za sponji. Za mpira mgumu zinatoa kelele ya kugonga tu. Toa kamba zake. Shika kisigino, piga kwa upande wa vidole, unyayo ufunike mdomo mzima wa bomba, halafu uachie papo hapo. Sikiliza: *bup!* Sasa nabana, siachii. Umesikia ilivyoshuka? Mdomo ukizibwa, noti inakuwa nzito na kufifia. Waachie watoto wagundue wenyewe, ni nusu ya raha yake.

Kusawazisha: pakua programu ya kupima noti kwenye simu, piga, na sauti ikiwa chini punguza bomba kidogo kidogo kwa msasa. Vipimo vyangu ni vya joto la Dar, kama nyuzi 30. Ukifanyia Njombe au Limuru sauti itashuka kidogo, lakini zote zitashuka pamoja, hazitaparuzana.

Funga kila ndala kwa kamba ya nusu mita, la sivyo kufika saa sita mchana zimeshapata wenyewe.

Wengi huharibu mambo mwishoni kwa kubandika bango la maelekezo. Usibandike. Ndala inayoning'inia mbele ya bomba inajieleza, na mtu mzima anayeona haya atavutwa na mtoto aliyetangulia. Weka ndala mbili tatu za kupigia kwa pamoja, maana watu hucheza zaidi wakiwa wawili.

Usikiweke chini ya madirisha ya darasa, mwalimu wa hesabu atakufuata. Jioni zitoe ndala uziweke ndani. Mabomba yanaweza kulala nje hata mvua ikinyesha.