Ukingo wa Veranda: Moteli za Wildwood na Chumvi ya Bahari

Mabibi na mabwana, nawapeleka Wildwood, New Jersey, mji wa ufukweni nchini Marekani uliojaa moteli za miaka ya 1950 na 1960. Wageni walikuja na magari yao, na ramani ya jengo ikafuata gari: unaegesha uani karibu na bwawa, unapanda, unapita veranda ndefu ya nje hadi mlangoni pako. Korido ya ndani haipo.

Tazameni Caribbean Motel ya mwaka 1957, katika mji jirani wa Wildwood Crest, iliyosanifiwa na Lou Morey, iliyoingizwa katika rejista ya kitaifa ya majengo ya kihistoria mwaka 2005. Bwawa lina umbo la mwezi mwandamo, na njia ya kupandia orofani imepinda kana kwamba inaelea. Moteli za aina hii uzuri wake uko kwenye wembamba: slabu, yaani sakafu ya zege, iliyochomoza bila nguzo, na reli nyepesi ya kujishikia juu yake. Bahari nayo huanza kula papo hapo.

Nondo ndani ya zege hulindwa na alkali, kemikali iliyomo katika zege lenyewe. Kloridi ya chumvi ikiifikia, kinga hiyo huvunjika, na kutu hujaa nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholika. Zege halihimili kuvutwa, basi linapasuka. Katika slabu iliyochomoza, nondo kuu ziko juu, chini kidogo tu ya nyayo za wageni, mahali maji ya mvua yanapotuama. Inameni mtazame mguu wa reli uliochimbiwa ukingoni: pembeni yake mna ufa mwembamba kama unywele, una rangi ya chai. Maji yameingilia hapo.

Tafadhalini, msipige lipu juu ya ufa huo. Gongeni kwa nyundo ndogo, na panapolia mvungu pigeni chaki. Wekeni mirunda, nguzo za muda, chini ya slabu kabla ya kukata, maana nondo za juu ndizo zinazoibeba. Chimbeni hadi nyuma ya nondo, kama milimita 20, mfuate kutu mpaka chuma safi. Nondo iliyolika robo iongezewe nyingine kando yake.

Kosa linalorudiwa sana huja baadaye: kiraka kinabaki kizima, halafu zege la kandokando linapasuka. Pale palipokuwa na kutu palikuwa pakizikinga sehemu jirani za nondo. Mkipaponya, kutu inahamia kwenye sehemu hizo kama chumvi imebaki. Ndiyo maana vipande vya zinki hufungwa kwenye nondo karibu na kingo za kiraka, vilike vyenyewe badala ya chuma.

Reli mpya ifungwe ubavuni mwa slabu, isitobolewe kutoka juu. Chini ya ukingo chongeni mfereji wa kudondoshea maji. Na nawasihi, unene wa ukingo usiongezwe hata kidogo: ukinenepa, moteli ya Morey imeshapotea ingawa jengo bado limesimama.