Cherehani Iliyonukia Chapati

HAJATI: Karibuni tena. Leo tuna mambo sita mezani: mafuta, mkanda, sindano, kukaza uzi, rangi, na namna ya kuchagua kichwa cha cherehani sokoni. Ila Fundi, anza na kile kilicholetwa Jumanne.

OKELLO: Kichwa cha Singer 15K, kimeletwa kwa boda kimefungwa kwenye gunia. Gurudumu haligeuki hata kidogo. Navua bati la uso, lile linalofunika upande wa sindano, harufu inayotoka ni ya kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, saa moja asubuhi.

HAJATI: Mafuta ya kupikia.

OKELLO: Ya kupikia, tena ya miaka. Ile nondo inayobeba sindano ina tabaka la rangi ya asali, gumu. Ukilikwangua kwa ukucha linatoka vipande vipande.

HAJATI: Kama kile kinachoganda pembeni mwa kikaango.

OKELLO: Ni kitu kilekile, Hajati. Mafuta ya alizeti au ya soya yanashika oksijeni ya hewa na kuganda. Kwenye kikaango moto unaharakisha, kwenye cherehani inachukua wiki au miezi. Mafuta ya cherehani yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini. Ni mepesi, hayana rangi, na hayagandi namna hiyo.

HAJATI: Na anayeyatia hana nia mbaya. Cherehani inalia, chupa ndogo imekwisha, jikoni kuna mafuta. Siku ile inateleza vizuri kabisa, kwa hiyo anarudia.

OKELLO: Kisha inafunikwa wiki tatu.

HAJATI: Inakuwa kikaango.

OKELLO: Inakuwa kikaango, na mtu anaiuza kwa bei ya chuma chakavu akisema imekufa.

HAJATI: Banange, haijafa! Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer pale Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Chuma chake hakina neno. Na vipuri hukosi, kwa sababu Butterfly, zile nyeusi za Kichina zilizojaa vibarazani, zimefuata muundo uleule: bobini ileile, sindano ileile ya aina ya 15x1.

OKELLO: Lakini usiyalaumu mafuta kabla ya kupima. Legeza ile nati kubwa katikati ya gurudumu. Gurudumu likizunguka lenyewe, kilichoshika kiko kwenye shafti au huko chini. Lisipozunguka, ulimbo, yaani mafuta yaliyoganda, uko kwenye gurudumu.

HAJATI: Na kabla ya nati, angalia ndoano, ile inayodaka uzi chini ya sindano. Watu wanapigana na shafti nusu siku, kumbe ni kipande cha uzi kimejisokota nyuma ya ndoano. Toa sindano, toa bobini na nyumba yake, toa lile bati la duara, vuta ndoano, pitisha mswaki mkavu kwenye njia yake.

OKELLO: Na ukiivua nati kabisa, humo ndani kuna washa yenye masikio matatu nje na meno mawili ndani. Itie alama kabla hujaitoa. Ikirudi vibaya, skrubu ndogo ya nati inagonga sikio, na hapo gurudumu halikazi sawasawa au halilegei. Itoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe.

HAJATI: Sasa tuje kwenye kikaango chetu. Mafuta ya taa kwa sirinji, matone mawili au matatu kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Anza na matundu ya juu, nenda nyuma ya bati la uso, kisha laza kichwa ufikie viungo vya chini. Acha usiku kucha. Asubuhi kiweke juani chuma kipate joto, halafu sukuma gurudumu mbele na nyuma, kidogo kidogo, kwa mkono tu. Anayeshika koleo ndiye anayevunja kitu. Jiko la mkaa likae mbali, na petroli usiiguse.

OKELLO: Na hayo mafuta ya taa yasitiririke kwenye maua ya dhahabu yaliyopambwa mwilini mwa cherehani.

HAJATI: Yasitiririke. Na spiriti ndiyo mbaya zaidi, inayeyusha ile vanishi ya sheleki inayofunika maua. Hapo tumia mafuta ya cherehani na kitambaa laini cha pamba. Ukiona dhahabu kwenye kitambaa, acha hapohapo.

OKELLO: Hayo nakubali. Ninalolikataa ni kuosha kwa matone. Mafuta ya taa yanalainisha ulimbo, hayauondoi. Ulimbo unateremka ndani ya bushi, vile vibomba nondo zinamopita, unakaa humo, na mwezi ujao kanyagio ni zito tena. Nondo ya sindano na nondo ya mguu zivuliwe, zisuguliwe, bushi zipitishwe kitambaa.

HAJATI: Ukivua nondo ya sindano umepoteza kimo chake. Ikirudi juu au chini kidogo tu, ncha ya ndoano inakosa kitanzi cha uzi na cherehani inaruka mishono.

OKELLO: Unachora alama kabla ya kulegeza skrubu. Na nondo nyingi za sindano za Singer 15 zina mistari miwili: nondo ikishuka mpaka mwisho, mstari wa juu unalingana na mdomo wa chini wa bushi.

HAJATI: Kama kutu haijaila. Na skrubu je? Za Singer zina hesi yake, si ya milimita. Ukiikata kichwa, duka la vifaa halikusaidii. Ni kwenda kwa mafundi chuma wa Katwe, Kampala, kutafuta wa kukuchongea.

OKELLO: Bisibisi inanolewa mpaka ijae mfereji wote wa skrubu. Nyembamba ndiyo inayoutafuna. Na unatia tone la mafuta ya taa siku moja kabla.

HAJATI: Kumbe na wewe unayatumia.

OKELLO: Kulegeza skrubu, si kuosha.

HAJATI: Osha mara tatu, Fundi. Tia, zungusha, pangusa kwa kitambaa cheupe, rudia mpaka kitoke safi.

OKELLO: Kitambaa kinaonyesha kilichotoka. Hakionyeshi kilichobaki.

HAJATI: Na mama wa kibarazani mwenye kushona gomesi, yale magauni ya heshima, za harusi ya Jumamosi? Kwangu anapata kichwa chake siku ya pili.

OKELLO: Kwangu siku ya nne, na hakirudi.

HAJATI: Hakirudi kama skrubu haijakatika.

OKELLO: Sijakata.

HAJATI: Wewe hujakata. Anayetusikiliza ana bisibisi moja, na cherehani hiyo ndiyo karo ya watoto.

OKELLO: Kwa kuwa ni karo, ndiyo maana sitaki ishike tena katikati ya muhula.

HAJATI: Hapo hatutoki.

OKELLO: Hatutoki. Hii ya Jumanne naifungua.

HAJATI: Haya, na saa imetuishia. Mkanda, kukaza uzi, kuchagua sokoni, vyote vinabaki. Sindano kwa neno moja, kuna aliyetuuliza upande wa kuingiza uzi.

OKELLO: Papasa mfereji mrefu wa sindano, uzi unaingilia upande huo. Upande bapa unaelekea ncha ya ndoano.

HAJATI: Na msisahau, ikishazunguka tu, tia mafuta ya cherehani siku hiyohiyo. Mafuta ya taa yanakauka na kuacha chuma kitupu, kutu inaingia. Tone moja kila tundu.

OKELLO: Halafu iendeshe dakika chache bila uzi, kitambaa kibovu kikiwa chini ya mguu. Mafuta ya kahawia yataendelea kudondoka kutoka kwenye nondo siku mbili tatu, kwa hiyo kitambaa cha mteja kisikaribie bado.