Sweta la Vifungo Huanzia Kwenye Kipande cha Kupimia

(Mazungumzo na wafumaji, Newala, mkoani Mtwara)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Ndugu zetu wa Mtwara mjini hushangaa wakisikia huku tunafuma sweta za sufu. Kule pwani joto haliwapi hata wazo hilo. Sisi wa juu, kwenye uwanda wa Makonde, tunaijua Juni na Julai, mtu anapotoka alfajiri amejitanda khanga mbili.

Sweta langu la kwanza la vifungo nilimfumia mama yangu. Nilifuata maelezo neno kwa neno, jioni baada ya jioni. Alipolivaa, mshono wa bega ukamwangukia katikati ya mkono. Akasema, "Asante mwanangu, limenikaa." Akalivaa hivyo hivyo, na kila aliposhika sufuria alikunja mikono mara mbili. Kumwona akikunja kuliniuma sana. Maelezo hayakuwa na kosa. Sikuwa nimepima mkono wangu wa kufumia.

Kila mfumaji ana mkono wake. Mmoja anakaza uzi, mwingine anaulegeza, hata wakitumia sindano za unene ule ule. Chukua mfano huu. Kifua ni sentimita 96, unaongeza 8 za kupumulia, sweta linakuwa 104. Maelezo yanasema vitanzi 22, yale macho ya uzi yanayokaa kwenye sindano, kwa sentimita 10, kwa hiyo unaanzisha 229. Lakini kama mkono wako unatoa vitanzi 20 tu, vile vile 229 vitakupa sentimita 114 na nusu. Sentimita 10 na zaidi zimeongezeka, na hujakosea kuhesabu hata kitanzi kimoja! Kwa mkono huo ulitakiwa kuanzisha 208.

Kwa hiyo fuma kipande kwanza, upana na urefu sentimita 15, kwa uzi ule ule na sindano zile zile. Usipime pembeni, pembeni hujikunja na kudanganya. Hesabu vitanzi vya katikati, ndani ya sentimita 10. Na kabla ya kuhesabu, kifue. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, naelewa, mtu ana hamu ya kuanza. Ila sufu ikilowa hulegea na kujipanga upya, na sweta litafuliwa tu. Tumia maji ya uvuguvugu, usisugue, maana sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikamana na kusinyaa, na hairudi. Likamue ndani ya taulo, ulilaze mkekani kivulini. Ukilianika kwenye kamba, uzito wa maji utalivuta mpaka magotini.

Na hakikisha ni sufu kweli. Dukani nyuzi nyingi zinaitwa sufu na ni za plastiki. Kata kipande kidogo cha uzi, kishike kwa koleo, kichome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka. Ya plastiki huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu.

Upana wa mgongo pimeni kutoka mfupa wa bega mmoja hadi wa pili, msikisie kwa kuangalia kifua. Mwenye kifua kikubwa anaweza kuwa na mabega membamba, kama mama yangu. Mikono ni rahisi: pima sweta la zamani analolipenda.

Ukanda wa vifungo ndio unaonyesha kama sweta limetulia. Ukiokota vitanzi vingi mno ukingoni, yaani ukivuta vipya kutoka ukingo uliokwisha kufumwa, ukanda unafanya mawimbi. Vikiwa vichache, mbele kunapanda juu. Mimi huokota vitanzi 3 kwa kila safu 4, kisha natazama kabla ya kuendelea. Vifungo nunueni kabla ya kufuma matundu. Kimoja kikae penye upana mkubwa wa kifua, vingine vipangwe kutokea hapo, la sivyo patafunguka kila mtu akiinama.

Lile la mama nililifumua lote mwaka uliofuata, nikaufua uzi, nikauzungusha, nikalifuma upya. Hili nililolishika ndilo lenyewe. Pitisheni mkono mmoja mmoja, mtazame mshono wa bega.