Kabla Hamjafungua Henoko

Tuanze na Yuda, aya ya 14 na 15. Fungueni. Anamtaja Henoko, "mtu wa saba baada ya Adamu", kisha ananukuu maneno ambayo hata mkipekua Mwanzo yote hamyapati. Yako katika kitabu cha kale kiitwacho Henoko wa Kwanza, ambacho Biblia zetu hazina, sura ya 1, aya ya 9. Hapo ndipo kikundi huanza kuchafuka. "Kumbe walituficha!" Nani kakuficha? Waorthodoksi wa Ethiopia wanacho ndani ya Biblia yao, kwa Kigeezi, lugha ya kale ya huko, na vipande vyake vya Kiaramu vilitoka pangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi.

"Lakini mwalimu, Yuda amesema Henoko alitoa unabii!" Naam. Sasa someni Tito 1:12. Paulo ananukuu maneno ya Mkrete na kumwita "nabii wao wenyewe". Mbona hakuna anayemtafutia Mkrete yule nafasi katika Biblia? Anayenukuu mstari hajakibeba kitabu kizima. Wala sisemi Yuda alikidharau. Alikiheshimu, na wasomaji wake walikijua. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, aliishika hoja hiyo hiyo ya Yuda kukitetea kitabu hicho, na bado makanisa mengi hayakumfuata.

Haya, kusoma. Angalieni nakala kwanza: Henoko wa Pili ni wa Kislavoni, wa Tatu wa Kiebrania, na watu huvichanganya vyote wakabishana usiku kucha kumbe kila mmoja ana kitabu chake. Msianze sura ya 1 mkaenda hadi 108. Mtafia kwenye ya 72 hadi 82, katika milango ya jua na mwaka wa siku 364. Someni Mwanzo 6:1–4 kwa sauti, mara mbili, halafu Henoko wa Kwanza 6 hadi 11, basi. Chora safu mbili daftarini: yaliyomo Mwanzo, na yaliyoongezwa. Malaika 200 kushuka mlima Hermoni, safu ya pili. Azazeli, mmoja wao, kufundisha kufua panga na kupaka wanja, safu ya pili. Majitu ya dhiraa 3,000, huko huko. Zogo litapungua lenyewe.

Sura ya 37 hadi 71 za Henoko wa Kwanza, zenye Mwana wa Adamu, hazikuonekana Qumran. Anayedai Yesu alizisoma aanze kujibu hilo.

Na kitabu cha Tobiti? Mkatoliki akiwemo, msimwambie ni apokrifa, yaani kitabu kilicho nje ya Biblia. Kwake ni Maandiko. Injili ya Tomaso, kitabu kingine kilicho nje ya Biblia, chenye misemo 114 ya Yesu, leo haiingii. Saa imekwisha. Wiki ijayo kila mtu aje na daftari lenye safu mbili.